Usiifute Harbin kwanza

Tanga, Februari

Mwanangu mpenzi,

Sisi hatujambo, ila joto. Kaskazi inavuma lakini haipozi kitu, na bibi yako amehamishia mkeka wake chini ya mwembe tangu Jumatatu. Nimeusoma ujumbe wako: vyuo vitatu vya China vimekukubali, na umeweka wastani wa baridi ya Januari kwa kila mji. Guangzhou nyuzi 14, Wuhan 4, Harbin 18 chini ya sifuri. Halafu ukaandika, "Harbin nimeshaifuta, Mama." Ningekupigia simu, lakini simu yangu huwa unaipokea huku unapika. Bora nikuandikie, usome umetulia.

Namba zako ni za kweli. Ila ni za nje, na wewe utalala ndani.

Nilikaa Wuhan misimu mitatu ya baridi, na unajua sipendi kuisimulia. Chumba chetu cha bweni kilikuwa na kuta za saruji tupu, dirisha la kioo kimoja, na hakuna chochote cha kupasha joto. Nje nyuzi 3, ndani labda 6. Ukiongea, mvuke unakutoka mdomoni ukiwa umekaa kitandani. Nguo nikifua Jumamosi, Jumatano bado mbichi, maana baridi ya kule ina unyevu. Nilikuwa nasoma nimevaa koti na glavu nilizozikata ncha ili niweze kufunua kurasa, chupa ya chai nimeipakata kama mtoto. Ilipofika Januari vidole vya miguu vikavimba. Usiku nikijifunika vikaanza kupata joto, vinawasha mpaka machozi. Nikadhani nimepata maradhi. Mwenzangu wa chumba, mzaliwa wa mji ule ule, akavua soksi akanionyesha vyake: hivyo hivyo. Akacheka, akanipa mfuko wa mpira wa kutia maji ya moto.

Sababu yake utaicheka. Miaka ya 1950 China ilijiwekea mstari unaofuata milima ya Qinling na mto Huai. Kaskazini ya mstari, maji hupashwa kwenye mitambo mikubwa na kusukumwa kwa mabomba mpaka majumbani. Kusini yake, kila mtu na blanketi lake. Wuhan ikaangukia kusini. Beijing mabomba hufunguliwa katikati ya Novemba na kufungwa katikati ya Machi. Harbin huanza Oktoba hadi Aprili, nusu mwaka mzima. Kwa hiyo mwanafunzi wa Harbin analala kwa fulana, na wa Wuhan analala kwa sweta na kofia.

Nimeyaona, sikuambiwa. Mwaka wangu wa pili, rafiki yangu wa darasani alinialika kwao Harbin wakati wa Mwaka Mpya wa Kichina. Nilishuka stesheni nikavuta pumzi ya kwanza, vinyweleo vya pua vikaganda palepale, kama mtu amenitia sindano. Koti langu la plastiki lililojifanya ngozi, la mtumba wa hapa hapa Tanga, likakakamaa. Nikikunja mkono linalia kama bati. Barabarani watu wanauza lambalamba kwenye maboksi ya karatasi, juu ya lami, bila friji. Friji ya nini? Mto Songhua umeganda, watu wanatembea juu yake, na wengine wanaukata kwa misumeno kutoa matofali ya barafu ya kujengea yale majumba wanayoyawasha taa.

Kisha tukaingia nyumbani kwao. Madirisha mawili mawili, katikati yake umewekwa uwazi wa hewa, na chini ya kila dirisha bomba la chuma ambalo huwezi kuliweka mkono ukahesabu kumi. Bibi yao amevaa kanzu ya pamba nyepesi anajipepea. Aliniletea pea iliyoganda, nyeusi, ngumu kama jiwe la mto, akaitumbukiza kwenye bakuli la maji ya baridi. Baada ya muda ikajivika gamba la barafu. Akaligonga likavunjika, ndani tunda limekuwa laini kama embe bivu, unalitoboa na kulinyonya. Usiku ule nililala na shuka moja, mara ya kwanza tangu Novemba. Asubuhi vidole vyangu vya miguu vimenywea.

Baba yako kasoma ujumbe wako akafungua ramani, akasema Harbin iko kaskazini sana ndiyo maana. Si kweli. Kwenye ramani Harbin iko usawa mmoja na Milan ya Italia, na Beijing iko sawa na Madrid, wala Madrid Januari haishuki hadi sifuri kwa wastani. Kinachoigandisha mashariki ya Asia ni Siberia. Nchi kavu kubwa vile, mbali na bahari, ikipoa inalundika hewa nzito ya baridi, na hewa hiyo inatiririka kuelekea baharini, ikipitia Mongolia, Beijing, Seoul. Delhi imekaa karibu sawa na Wuhan, lakini ina nyuzi kama 14 kwa sababu milima ya Himalaya imeziba mlango. Muscat kwa mjomba wako ni 21, na bado utamkuta amevaa sweta. Hata hii kaskazi inayotupulizia vumbi uani asili yake ni kupoa kwa bara lile lile, ila ikifika kwetu imeshaoga bahari nzima.

Ungeniambia Ulaanbaatar, mji mkuu wa Mongolia, hapo ningekuunga mkono kufuta. Zaidi ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wastani, na moshi wa makaa ya mawe juu yake.

Sikufichi, Harbin ina yake. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni, na hilo lilinisumbua kuliko barafu. Hewa ya ndani ni kavu, pua inatoka damu. Beba mafuta ya nazi mengi. Usishike chuma cha nje mkono mtupu. Koti usinunue hapa, utachekwa. Nunua kule, la manyoya ya bata, lifike magotini. Na Wuhan nayo siku hizi vyumba vingi vina viyoyozi vya kupuliza joto, kwa hiyo waulize chuo cha huko swali moja tu: bwenini kuna nini cha kupasha joto, na kinazimwa saa ngapi? Guangzhou sina neno nayo, ni kama Lushoto ya Julai, ila kozi uliyoililia miaka miwili haipo kule.

Lile sweta la kijani nililorudi nalo bado lipo. Nimelitoa sandukuni, nimelianika uani tangu asubuhi kuondoa harufu ya naftalini. Bibi yako amelitazama pale kambani, akauliza ni nani anayeumwa.

Mama yako