Asante dada uliyeshuka na sisi Ilula

Jamani naomba nimshukuru dada mmoja ambaye hata jina simjui, tulikuwa kwenye basi la Mbeya tunapanda mlima Kitonga kule Iringa mara pumu ikambana mama, abiria wakawa wanasema alazwe chini, mimi nimechanganyikiwa kabisa. Akaja akasema hapana msimlaze, akamkalisha wima kainama mbele kidogo, akamlegezea kanga, akatikisa inhela, ile dawa ya pumu ya kupuliza mdomoni, akampulizia mara moja moja huku anamwambia "mama vuta taratibu, tuko wote", na mimi kanishika mkono hadi nikatulia. Ilula akashuka na sisi mpaka hospitali, basi likamuacha! Wenye wagonjwa wa pumu, inhela ikae mkononi isiwekwe kwenye buti. Dada, mama anapumua vizuri sasa na anakuulizia kila siku.