Kaka, hiyo ploti ya Ruai si yako peke yako

Kaka yangu,

Naandika hapa kwa sababu simu zangu hushiki, na pia najua si wewe peke yako Nairobi hii unasema vile ulimwambia mama, eti mahari hukulipa, ndoa hamkuandikisha, hati iko kwa jina lako, kwa hivyo mama watoto wako, yule mmekaa naye miaka yote hiyo, abebe nguo zake aende.

Pale uko sawa nitakupa. Hamkuoana. Zamani ukikaa na mtu miaka mingi korti ingeweza kuchukulia tu kuwa ni mume na mke, lakini Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema hiyo sasa ni ya nadra sana, na Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 ni ya waliooana, nyinyi haiwahusu. Nadhani hapo ndio yule rafiki yako anajifanya wakili aliachia kusoma.

Maana kesi hiyo hiyo iliendelea. Walikuwa watu wa hapa hapa Nairobi, wamekaa pamoja tangu 1986, kukawa na ploti ina nyumba za kukodisha, wakakosana. Jina kwa hati lilikuwa la mwanamke, mwanaume ndiye alikuwa analilia haki yake (hapo nilicheka kidogo). Majaji wakasema ndoa hakuna, lakini hawa walikusudia mali iwe ya wote wawili na kila mmoja aliweka chake, kwa hivyo mwenye jina amemshikia mwenzake fungu lake. Mwanamke akapewa asilimia 70, mwanaume 30. Mambo ya nusu kwa nusu moja kwa moja hakuna, hata kwa waliofunga ndoa hakuna, kinachoangaliwa ni nani alitoa nini.

Sasa ukiulizwa mama watoto wako alitoa nini utasema nini? Daftari lake nimeliona, lile la jalada la bluu, ameandika kila kitu, mchanga, balasti, simiti, pesa ya fundi wa mabati, na pembeni amebandika risiti za hadwea. Wewe ulikuwa Mombasa kazini, yeye ndiye alikuwa anapanda matatu kila asubuhi kuangalia mafundi wasiibe simiti. Deposit ya ploti ilitoka kwa loni ya chama chake na mpaka leo analipa, na kila shilingi iko kwa M-Pesa, hiyo huwezi futa.

Tivii na viti muachie, hata usianze hiyo stori. Na watoto usiwachanganye na mambo ya ploti, Katiba inasema malezi ni ya baba na mama wawe wameoana ama hawajaoana, hiyo utalipa hata kama ploti haingekuwepo.

Mimi naona hivi: mtafute valua, mjue nyumba ni ya pesa ngapi, mkae na daftari na stetimenti mezani, mkubaliane fungu lake, na kama huna pesa ya mara moja mlipe pole pole, lakini muandike kwa wakili mweke sahihi. Ukikataa anaweza kuweka zuio kwa hati hapo Ardhi, na akienda kortini utalipa mawakili miaka na miaka.

Na yule mnunuzi ulimpeleka Ruai wiki jana, mpigie leo umwambie asitume deposit.