Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo wa Marekani: nusu ya fedha ifike kabla ya uzio

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kwa Kiswahili kutoka magharibi mwa Kansas. Nilizaliwa nyanda za juu za Fizi, Kongo, nikachunga ng'ombe wa baba hadi vita vilipotutoa. Huku nilianzia kiwanda cha nyama. Sasa nimekodi malisho na nina ng'ombe wangu kumi na wanane.

Walikuwa ishirini, na hao wawili waliopungua ndio walionifanya niandike.

Mpango wa wizara yako uitwao EQIP humsaidia mfugaji kuweka uzio, bomba na birika la maji, ili ng'ombe wahame kipande kwa kipande na majani yapate kupumzika. Ni mpango mwema, nausifu kwa moyo wote. Lakini kwa kawaida fedha huja kazi ikiisha: ununue nyaya, ulipe mafundi, afisa aje akague, ndipo urudishiwe sehemu ya gharama. Mwenye ng'ombe mia tano ataweza kungoja. Mimi niliuza wawili ili niwazungushie uzio waliobaki.

Baadaye jirani yangu, mkulima wa mtama, akanieleza kwamba Sheria ya Kilimo ya 2018 inamruhusu mkulima anayeanza, asiyezidi miaka 10 katika kazi hii, kupewa mapema angalau nusu ya fedha hizo na kuzitumia ndani ya siku 90. Sheria inataka aambiwe hivyo anapojiandikisha. Mimi sikuambiwa, na ng'ombe walikuwa wameshakwenda mnadani.

Mwanzoni mwa 2025 Washington ilisimamisha malipo ya mikataba mingi ya uhifadhi, hata kwa watu waliokwisha kutoa fedha zao mfukoni. Mkataba uliotiwa saini ni ahadi, Mheshimiwa. Mfugaji akishaumwa na ahadi, mwaka unaofuata hasogei ofisini, na ardhi yake inabaki vilevile.

Na ardhi hii haina muda wa kungoja. Hifadhi ya maji ya Ogallala, iliyo ardhini chini ya majimbo 8, inavutwa na pampu kuliko inavyojazwa na mvua. Kisima kikikauka, shamba la mahindi linabaki wazi, na lisipooteshwa majani udongo unaondoka na upepo. Nyanda hizi zinalijua hilo: vumbi lilifunika jua hapa tarehe 14 Aprili 1935, na siku 13 baadaye sheria ya kuhifadhi udongo ikatiwa saini.

Naomba uagize kila ofisi ya wilaya imweleze mwombaji habari ya malipo ya mapema kabla hajatia saini, kwa lugha anayoielewa, na imwandikie kwenye karatasi atakayokwenda nayo nyumbani. Naomba pia mikataba iliyokwisha kusainiwa ilipwe bila kusimamishwa. Majani yetu huamka mwezi wa Mei. Agizo likitoka wakati wa baridi, litawakuta wenzangu kabla hawajapeleka ng'ombe mnadani.

Wako,
Mfugaji, magharibi mwa Kansas