PrEP ni ya nani? Usisubiri tukusome usoni

Kuna dada alikuja kaunta akanunua dawa ya kichwa, akapokea chenji, halafu haondoki. Mpaka mteja wa nyuma yake alipotoka ndo akauliza kwa sauti ya chini, eti ile PrEP ni ya wale wengine tu au hata aliyeolewa anapewa? Pete kidoleni, na kusema ukweli sisi wenyewe tusingemgusia, na hapo ndo kosa letu lilipo.

PrEP ni dawa anayomeza mtu ambaye HANA virusi vya UKIMWI (VVU) ili asiambukizwe. Ni kidonge kimoja kwa siku, na ukikimeza inavyotakiwa kinapunguza hatari ya kupata VVU kwenye ngono kwa karibu asilimia 99. Siku hizi kuna na sindano, mojawapo ni ya mara mbili tu kwa mwaka. Shirika la Afya Duniani tangu 2015 walisema wapewe walio kwenye hatari kubwa, ila hilo neno hatari wengi wanalisikia kama tusi.

Kwa hiyo sisi tunauliza maisha yakoje miezi hii. Mwenza wako ana VVU na virusi bado vinaonekana kwenye kipimo? Au hujui hali yake na kondomu ni leo ipo kesho haipo? Ulitibiwa kaswende au kisonono ndani ya miezi 6? Mnachangia sindano? Moja tu inatosha tukae tuongee. Na ukisema tu "naitaka" bila kutusimulia ya chumbani kwako tunakusikiliza vilevile, maana mtu anajijua, na sio kila mwanamke anaweza kutamka kwamba mumewe hataki kondomu.

Kitakachotuzuia ni vipimo, sio tabia yako. Lazima upime VVU kwanza, maana ukiwa tayari unavyo dawa hizi peke yake hazitoshi kukutibu na virusi vinaweza kuwa sugu, tunaangalia na figo na homa ya ini B, halafu kila miezi 3 unarudi kupima. Ila kama jambo limetokea jana au juzi usisubiri PrEP, hapo unahitaji PEP, dawa ya dharura ya kuzuia VVU baada ya tukio, ndani ya saa 72, njoo sasa hivi!

Yule dada alipimwa siku ileile, tukamweleza kwamba kwa ngono ya ukeni kinga inaweza kuchukua mpaka wiki 3 kukamilika na kwamba haizuii mimba wala kaswende. Alichoogopa yeye ni kopo, vidonge vinapiga kelele mkobani. Tukamjazia pamba juu, akalitikisa sikioni mara mbili, akaliweka.