Msiung'oe mgagani kabla haujakomaza mbegu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongelee mgagani, ile mboga yetu ya asili ya majani, maana mvua zimeanza na kila nikipita naona watu wanapalilia wanautupa kwenye lundo pamoja na magugu, na roho inaniuma kwa kweli.

Mwaka jana yalinikuta mwenyewe. Nimeacha matuta mawili nyuma ya nyumba yakomae nipate mbegu, jirani akaona majani yana vidole vitano akasema huyu mama kapanda bangi, nimeenda sokoni narudi nakuta vijana wameng'oa yote na maua yake. Wakati bangi jani lake kingo zake zina meno kama msumeno, mgagani kingo zake karibu ni laini tu, na ukishika shina vidole vinanata, lina vinywele vyenye utomvu na harufu kali kidogo.

Lakini ua ndo usiulize. Angalieni jioni, juu ya shina yanafunguka maua meupe, mengine yana uwaridi kwa mbali, petali nne zimekaa upande mmoja, halafu katikati kunanyanyuka kikonyo kirefu chembamba na juu yake ndo zinatawanyika nyuzi sita za zambarau zenye chavua, kama miguu ya buibui. Baadaye kinatoka kiganda chembamba kama cha choroko. Ukiona lenye maua ya njano huyo ni ndugu yake, sio yeye. Na lile la waridi lenye miiba linalopandwa kwenye bustani za mapambo limetoka Amerika ya Kusini, zuri sawa, ila sio letu. Letu wazee waliliita pia mkabili shemsi, na wala hawakukosea, majani yake yanageuka kulifuata jua toka asubuhi mpaka jioni, kaa nalo siku moja utaona.

Sasa kupanda. Kosa la wengi (hata mi nilifanya) ni kuchuma mbegu leo na kuzimwaga kesho, hazioti, mtu anasema mbegu mbovu kumbe zimelala. Chuma viganda vikianza kuwa vya njano kabla havijapasuka, anika kivulini, pepeta, weka kwenye karatasi sehemu kavu miezi mitatu au zaidi, hapo zitaota vizuri. Ni ndogo sana, nyeusi na zina mikwaruzo, kwahiyo changanya na mchanga mkavu ndo uzimwage kwenye mfereji usiozidi sentimita moja, mistari iachane kama sentimita 30, samadi iliyooza, na jua la kutosha. Unapenda joto huu mmea, kivulini unadhoofika na maji yakituama unaoza. Wiki ya nne mpaka ya sita unaanza kuchuma. Ukitaka majani kata vichwa vya maua vikianza kuchomoza, yataendelea kutoka, ila mashina matano sita ya mwisho wa tuta usiyaguse kabisa, hayo ni ya nyuki na ya mbegu zako za mwakani, maana mgagani ukishazaa unakufa, haukai mwaka wa pili.

Uchungu wake wala usikutishe, Wakalenjin wanaupika na maziwa wanauita saget, Wakisii chinsaga, kwetu tunaunga kwa nazi. Pale Arusha kituo cha World Vegetable Center wanahifadhi mbegu za mboga zetu za asili, ni jambo zuri sana, lakini mi nataka uwepo na hapa mtaani kwetu.

Nina mbegu za wenye shina la kijani tu. Ule wa shina la zambarau nilikuwa nao kwenye yale matuta yaliyong'olewa, msomaji wa huku Tanga anayeujua ulipo naomba aandike humuhumu gazetini ataje kijiji, nitaufuata, nitamletea na mbegu zangu tubadilishane.

Mama mkulima wa bustani,
Korogwe, Tanga