Ufunguo wa majengo yetu ya kale ukae kwa majirani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu majengo ya kale ya Bagamoyo. Mwaka jana nilikwenda Uingereza kumtembelea binti yangu anayeishi Nottingham, na katika wiki sita nilizokaa huko nilizunguka sana katika makanisa, nyumba za kale na makumbusho ya mkoa ule. Nimerudi na jambo moja ambalo halinipi usingizi.

Mahali pa kwanza nilipoomba kupelekwa ni Newstead Abbey, nyumba ya kale iliyo karibu na Nottingham. Sisi wa Bagamoyo tunajua tangu utotoni kwamba mwili wa David Livingstone, baada ya kubebwa na watu wake kutoka kijiji cha Chitambo katika nchi ambayo leo ni Zambia, ulipokelewa misheni hapa kwetu Februari 24, 1874, ukawekwa katika mnara wa kanisa kabla ya kuvushwa kwenda Unguja. Wasiojulikana sana ni wale waliombeba. Wawili kati yao, Abdullah Susi na James Chuma, walifika Uingereza mwaka uleule, wakakuta mazishi ya Westminster Abbey yamekwisha kufanyika Aprili 18, kisha wakakaribishwa Newstead na kupigwa picha pamoja na Agnes, binti wa marehemu. Nyumba hiyo ilianza kama makao ya watawa katika karne ya 12, na tangu mwaka 1931 ni mali ya jiji la Nottingham. Ukuta wa mbele wa kanisa la watawa bado umesimama ukiwa na dirisha kubwa lisilo na kioo, na nyuma yake, mahali palipokuwa na kanisa, leo ni nyasi na anga tupu. Nilisimama mbele ya dirisha hilo kwa muda mrefu nikiwaza kwamba watu wawili waliokanyaga mchanga wa pwani yetu walilitazama vilevile, na machozi yakanilengalenga.

Nilifika pia Southwell, mji mdogo wenye kanisa kubwa la kale. Katika chumba walimokutania makasisi wake, mafundi wa mwishoni mwa karne ya 13 walichonga kwenye mawe majani ya miti ya kwao, kila jani na mishipa yake, mengine yakiwa yamechimbwa hadi kwa nyuma kiasi kwamba unadhani yatatikisika upepo ukivuma. Nilikumbuka milango ya nakshi ya Mji Mkongwe wetu, ambayo mingine inaliwa na mchwa tukiona. Nje kidogo ya mji huohuo ipo nyumba ya mafukara iliyojengwa mwaka 1824, ambamo maskini walipewa chakula na malazi kwa masharti makali, mume akitengwa na mkewe na watoto wao. Leo ni makumbusho, na aliyetutembeza alikuwa mzee aliyestaafu udereva wa basi, anayejitolea bila mshahara, na ambaye hakuficha hata kidogo aibu ya mahali pale.

Hata hivyo, kilichonigusa kuliko vyote kilikuwa kikaratasi. Katika kijiji kimoja tulikuta mlango wa kanisa umefungwa, na kwenye ubao wa barazani pameandikwa kwamba ufunguo uko nyumba ya tatu upande wa kushoto. Tulibisha hodi, mama mmoja akatoka na aproni yake, akatupa ufunguo wa chuma mrefu kama kiganja, akatuomba tuurudishe tukimaliza. Hakutuuliza kibali wala barua. Ndani kulikuwa na daftari la wageni na kisanduku cha sadaka kilichojengwa ukutani, basi.

Mhariri, mwezi mmoja baada ya kurudi niliwapeleka wajukuu wangu kuona nyumba moja kongwe hapa mjini. Tulikuta kufuli. Jirani hakujua ufunguo uko wapi, na ofisi ya kwanza niliyouliza ilinielekeza ya pili, na ya pili ikanirudisha ya kwanza. Watoto walichungulia katika ufa wa mlango, wakaona giza. Sisemi kwamba kila mahali ni hivyo, kwa maana makumbusho ya misheni yanatunzwa vizuri, na kwenye magofu ya Kaole mgeni hupata wa kumweleza habari za msikiti na makaburi. Nasema juu ya nyumba zile ambazo hazina mlinzi wala msimulizi, lakini zina majirani waliozaliwa ubavuni mwake.

Ninaomba wanaohusika na mambo ya kale wakubali kumkabidhi ufunguo wa kila jengo la aina hiyo jirani mmoja mwaminifu, kwa maandishi na mbele ya serikali ya mtaa, na jina la mtaa na nyumba yake libandikwe mlangoni. Zaidi ya hapo, Uingereza tangu mwaka 1994 huwa na siku kadhaa kila Septemba ambapo majengo mengi ya kihistoria hufunguliwa bure kwa wananchi. Kwetu ingefaa iwe Februari 24, na siku hiyo watoto wa shule wasimuliwe habari za Susi na Chuma mbele ya mnara wenyewe.

Kwa upande wangu, niko tayari kuutunza ufunguo wa nyumba hiyo iliyofungwa, na kukaa barazani pake kila Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi hadi adhuhuri.

Mwalimu mstaafu,
Dunda, Bagamoyo