Barua kwa mwanangu: kigari kinatangulia

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mzima, mguu umepunguza kuuma, na biashara inakwenda hivyo hivyo. Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu huwa unaniambia "sawa Mama" kabla sijamaliza, halafu laini inakatika. Karatasi haikatiki. Isome ukiwa umeketi, ukimaliza mpe mke wako naye asome.

Jumanne jioni nilikuona Lumumba Drive, hapa kwetu Nairobi. Nilikuwa nimetoka mezani kwangu kwenda kutafuta chenji ya elfu moja. Matatu ilikuwa imesimama inashusha watu, nawe ukaja na kigari cha mtoto ukasimama mbele yake. Dereva akakupungia mkono upite. Ukapita. Mkono mmoja ulikuwa kwenye mpini, mwingine una simu, na masikioni umeziba kwa muziki. Hukuiona pikipiki iliyokuwa inaipita ile matatu kwa upande wa kulia. Yule kijana wa boda aliikata kona ghafla, abiria wake akamshika mabega kwa mikono miwili, na tairi likapita mbele ya miguu ya mjukuu wangu. Nafasi iliyobaki ilikuwa ya kiganja.

Nilipiga yowe. Muuza mitumba aliyekuwa hapo akageuka, mama wa chapati akageuka. Wewe hukugeuka. Ulifika ng'ambo, ukainama, ukamrekebishia mtoto kofia, ukaendelea na safari yako. Mpaka unaposoma hapa hukuwa unajua kwamba kulikuwa na jambo. Sikukuita. Miguu ilikuwa imekwisha nguvu, nikaketi kwenye kreti la soda la mtu, ile noti bado nimeikunja mkononi.

Tangu siku hiyo silali vizuri. Ndiyo maana nakuandikia.

Wewe nilikulea mgongoni. Mwaka 2004, wakati Michuki, waziri wa uchukuzi, alipozilazimisha matatu ziweke mikanda na vidhibiti mwendo, wewe ulikuwa kwenye leso, na mji mzima ulitembea kwa miguu siku kadhaa kwa sababu magari yalikuwa machache. Nilikubeba kutoka hapa hadi Ngara na kurudi. Sasa fikiria jambo hili ambalo mimi mwenyewe sikulifikiria hadi Jumanne: mgongoni, ulikuwa nyuma yangu. Nilipokuwa nashuka barabarani, mguu wangu ulitangulia, kifua changu kikafuata, wewe ukawa wa mwisho. Kama kungekuja gari, lingenikuta mimi kwanza. Kigari kimegeuza mambo. Mtoto ndiye anayeshuka barabarani kwanza, na mzazi yuko nyuma akisukuma.

Jumapili iliyopita mlipokuja kula, nilipokuwa nimesema naenda kuangalia kama nguo zimekauka, nilikuwa uani na tepu ya fundi wa cherehani napima kigari chenu. Kutoka mpini hadi ukingo wa magurudumu ya mbele ni sentimita 98. Kutoka ardhini hadi mahali uso wa mtoto unapokaa ni sentimita 57. Zishike namba hizo. Ya kwanza maana yake ni kwamba wewe ukiwa bado umejificha nyuma ya matatu iliyosimama, hujaona chochote, mtoto tayari yuko mita moja ndani ya njia ya magari. Ya pili maana yake ni kwamba uso wake uko sawa na bampa, na sawa na bomba la moshi. Pikapu nyingi za siku hizi boneti yake inanifika kifuani. Aliye juu ya usukani anaona kichwa chako na mabega yako. Kilicho chini mbele yako hakioni.

Hili sikulisoma mahali, niliambiwa na dereva mwenyewe. Mwaka 2010 barabara ya Thika ilikuwa imechimbuliwa yote, vumbi tupu, magari yanageuzwa leo huku kesho kule. Ulikuwa na miaka saba. Nilikuwa nimejitwika beseni la maembe, nawe umeshika pindo la leso yangu. Nikaona lori linakuja polepole, nikasema moyoni limeniona, nikavuka. Lilipiga breki, mchanga ukaruka, likasimama karibu nasi kiasi kwamba nilihisi joto la injini usoni. Dereva akashuka. Hakunitukana. Alikuwa anatetemeka mikono. Akaniambia, "Mama, mimi niliona beseni. Huyu mtoto sikumwona kabisa, namwona sasa hivi nikiwa chini." Halafu akanunua maembe mawili akakupa moja. Wewe unakumbuka embe. Mimi nakumbuka yale maneno: niliona beseni.

Basi Jumanne dereva wa matatu alikuona na akakupungia mkono. Alikuwa mwungwana. Lakini mwanangu, mkono wa dereva unasemea gari lake peke yake. Hawezi kumsemea wa boda anayetokea nyuma yake, wala teksi inayopita kwa hasira kwa sababu yeye amesimama. Ukipungiwa mkono, shukuru, kisha nenda hadi ubavu wa lile gari usimame na uchungulie wewe mwenyewe. Na afadhali zaidi usivuke mbele ya matatu iliyosimama. Iache iondoke. Matatu haikai kituoni siku nzima, makanga atagonga bodi na itakwenda.

Kuhusu simu, sikiliza. Sheria yetu inasema mjini gari lisipite kilomita 50 kwa saa. Hata dereva anayeitii anakula mita 14 kwa sekunde moja. Hizo ni karibu matatu tatu za abiria 14 zikipangwa mkia kwa pua. Sekunde moja ndiyo muda wa wewe kuangusha macho kuona nani ameandika. Ndiyo pia muda wa dereva kushtuka kabla mguu wake haujagusa breki, na breki nayo inataka mita zake, mvua ikinyesha zaidi ya mara moja na nusu. Kwenye barabara kuu ya Thika yenyewe, pale wanapokwenda kilomita 100, sekunde hiyo inakula mita 28. Na masikio ni jicho la pili. Honi, breki, yowe la mama yako, vyote vilikuwepo Jumanne, vikakukosa.

Kwenye redio tunaambiwa kila mwaka. Wakenya zaidi ya 4,000 wanakufa barabarani kwa mwaka, na NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, inasema kundi kubwa kuliko yote ni la wanaotembea kwa miguu. Watu wakisikia habari hiyo wanawalaani madereva, na madereva wanastahili. Wapo wanaokwenda kama wanakimbizwa. Lakini mimi nimekaa kando ya barabara hii ya Thika tangu kabla ya Rais Kibaki kuifungua mwaka 2012, na macho yangu yameona mengi ya sisi wa miguu. Daraja lipo juu, mtu anaruka vizuizi chini. Mwaka huu nimewaona wawili wakifanya hivyo na vigari: mmoja anatangulia kuruka, mwenzake anampitishia kigari juu ya kizuizi, mtoto akiwa ndani amelala. Walikuwa wamevaa vizuri, wametoka kanisani.

Najua utaniambia daraja lina mzunguko. Nimelipita Jumatano asubuhi makusudi, kwa mguu wangu huu mbovu, saa mkononi. Dakika sita. Kwako zitakuwa nne. Na ukikuta mahali penye ngazi tupu, usione haya kumwita mtu ashike upande wa mbele. Watu wa Nairobi tunasemwa vibaya, lakini mtu akiona kigari cha mtoto kwenye ngazi hamwachi mzazi peke yake.

Hapa lazima niseme na la upande wangu. Watu wa vigari wengine wanaingia barabarani kwa sababu njia ya miguu hawana. Inaanza vizuri, kisha kuna shimo ambalo kifuniko chake kimeibwa kikauzwa chuma chakavu, kisha boda kumi zimeegeshwa, kisha sisi na meza zetu. Jumatano nilipotoka darajani nilisimama nikaitazama meza yangu kama mpita njia. Kati ya kona yake na ukingo wa barabara kigari chenu kisingepita. Ingebidi gurudumu moja lishuke kwenye lami. Miaka yote hiyo nimekuwa nikiwasukuma wenzangu barabarani bila kuinua mkono. Niliirudisha nyuma hatua mbili siku hiyo hiyo, mpaka kwenye ukuta. Wateja wamepungua kidogo kwa sababu ndizi hazionekani kutoka kituoni. Nimeongea na mama wa viatu, amekubali. Wa miwa bado ananung'unika, lakini nitamrudia.

Sasa nikuombe namna ya kufanya. Ukifika ukingoni, usielekeze kigari barabarani. Kigeuze kilalie sambamba na barabara, kanyaga breki ya magurudumu, kisha wewe ndiye usogee mbele uone. Mwili wako utangulie kama zamani wangu ulivyotangulia. Kwetu magari yanashika kushoto, kwa hiyo hatari ya kwanza inatoka kuliani kwako: tazama kulia, kushoto, kulia tena, halafu ongeza jicho moja la boda, maana boda hutoka upande wowote. Usishuke mpaka ya kwanza imesimama kabisa na ya njia ya pili imesimama pia. Zebra iliyofutika rangi usiiamini. Mahali pasipo njia ya miguu, tembea upande wa kulia ili magari yaje mbele ya macho yako, sio nyuma ya mgongo. Mikanda ya mtoto ifungwe hata kama mnakwenda dukani tu, na ule utepe mfupi ulioning'inia kwenye mpini, ambao nadhani mnauona pambo, ni wa kufungwa kwenye kifundo cha mkono wako. Jioni usichelewe. Saa moja huku kwetu ni giza tayari, kigari chenu ni cheusi, na taa nyingi za mtaa wetu haziwaki.

Usidhani nakichukia kigari. Mke wako alifanyiwa upasuaji wakati wa kujifungua, na mtoto analala humo vizuri kuliko alivyolala mahali popote. Wewe kumsukuma mwanao mchana kweupe, wanaume wakikuona, ni jambo linalonifurahisha moyo. Baba yako asingefanya. Ni vile tu nakutaka umsukume hadi akue.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mimi mjukuu ninaye, mke mwenzangu yule, meno mawili ya chini na kicheko cha kulia kama kuku. Majuto sitaki yaje kwa jina lake.

Kwenye bahasha hii utakuta utepe wa kung'aa, ule wanaoshonea vizibao vya boda. Nimeununua kwa yule kijana wa Jumanne. Ndiyo, nilimtafuta kituoni kwao nikampata. Nilitaka kumkaripia kwa kuipita matatu iliyosimama, naye akainamisha kichwa, akasema hajala chakula cha usiku ule kwa kukifikiria kigari. Anauza tepe hizi kwa wenzake, akakataa pesa, nikamwekea shilingi mia kwenye mfuko wa kizibao. Kata vipande vinne: viwili mbele, kimoja kila ubavu. Futa kwanza kwa kitambaa kikavu, vinginevyo havishiki.

Jumamosi mkija, piteni darajani. Kutoka nilipohamishia meza siwaoni mkiwa kituoni, lakini mkifika juu katikati nawaona. Nitakuwa nimewamenyea nanasi.

Ni mimi mama yako anayekupenda.